Herufi Zilizoyeyushwa Mbali

Ndugu msomaji, kabla hujaanza kubishana na wenzako kuhusu fonti ipi ya kuweka kwenye programu ya simu ya kusomea hadithi, hebu tulitazame kwanza neno lenyewe. Fonti. Sisi tumelipata kwa Waingereza, na Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na kwa Wafaransa asili yake ni kuyeyusha na kumimina kwenye kalibu. Kumbe fonti, kabla haijawa faili la kompyuta, ilikuwa kazi ya moto na madini.

Hapo Mfipa hawezi kunyamaza. Wazee wa Ufipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Tanuri zao ndefu za udongo, likiwa moja ilungu na yakiwa mengi malungu, zilisimama kiasi cha mita 3. Kilichotoka humo kilichomwa tena katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo kikafuliwa kuwa majembe na shoka. Moto wa malungu ulizimika katika karne ya 20, majembe ya dukani yalipoenea, lakini magofu yake yamebaki uwandani kama mashahidi. Basi, kuyeyusha tulijua. Ila herufi tulizofundishiwa kusoma ziliyeyushwa mbali, kwa hesabu ya lugha za watu wengine. Na historia inatuambia kwamba anayetengeneza herufi ndiye anayeamua kitu gani kitaandikika kwa urahisi na kitu gani kitaandikika kwa taabu. Hilo ndilo jambo ninalotaka tuliangalie leo.

Tuanzie pwani. Kiswahili hakikusubiri Mzungu ili kiandikwe. Watu wa Lamu, Pate, Mombasa na Unguja waliandika tenzi na barua zao kwa herufi za Kiarabu, na zimehifadhiwa tenzi za Kiswahili zilizoandikwa katika karne ya 18. Lakini herufi zile zilitengenezwa kwa ajili ya Kiarabu. Kiarabu cha asili hakina p, hakina ch, hakina v, wala hakina alama za kutenganisha e na i, au o na u. Mwandishi alilazimika kuazima: alama ya b ikabeba p, na msomaji akakisia kwa akili yake. Aliyeijua lugha vizuri alisoma bila shida, asiyeijua alikwama. Mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alijaribu kuzirekebisha herufi hizo ili zikitoshe Kiswahili. Tumkumbuke mzee huyu, maana alikuwa anafanya kwa kalamu kile ambacho mtengeneza fonti anakifanya leo kwa kompyuta.

Kisha zikaja herufi za Kirumi, na safari hii zilikuja zikiwa na uzito wa risasi. Mwaka 1864 wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walifika Unguja, akiwamo Edward Steere ambaye baadaye alikuwa askofu. Walianzisha mtambo wa kupiga chapa, na kati ya waliofundishwa kupanga herufi walikuwemo vijana waliookolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Fikiria kidogo, mwenzangu. Kijana aliyenyang'anywa kwao, pengine huku huku bara, anasimama mbele ya kasha lenye vijichumba, anaokota herufi moja moja za madini na kuzipanga kinyumenyume, mpaka neno la Kiswahili linatokea kwenye karatasi. Historia inawataja maaskofu kwa majina, lakini waliotia vidole vyao kwenye risasi ni vijana wale.

Na kazi yao haikuwa nyepesi. Zamani herufi za risasi ziliuzwa kwa uzito, na idadi ya kila herufi ilipangwa kwa kadiri inavyotumika katika lugha fulani. Mwingereza anahitaji e nyingi kuliko kitu kingine. Sasa andika maneno mawili tu ya kwetu: "wanakwaya wamekaa". Herufi zake ni 16, na kati ya hizo a ni 7! Kasha lililojazwa kwa hesabu ya Kiingereza lingeishiwa a wakati e na t bado zimelala tele, na q na x zisingeguswa kabisa.

Halafu kuna ile sauti ya ng'ombe. Kiswahili kina sauti ambayo herufi za Kirumi hazina alama yake. Steere na wenzake waliitatua kwa vipande vilivyokuwemo tayari kasani: n, g, na kile kialama kinachoning'inia juu. Mwaka 1926 iliundwa London taasisi ya kimataifa ya kushughulikia lugha za Afrika, na mwaka 1927 ikatoa mapendekezo ya namna ya kuziandika, ikiwa na herufi za ziada kama ŋ, ɛ na ɔ. Waganda wanaitumia ŋ mpaka leo. Kiswahili hakikuichukua. Wakati ule ule serikali za Afrika Mashariki zilikuwa zinatafuta Kiswahili kimoja cha shule: palikuwa na mkutano Dar es Salaam mwaka 1925, mwingine Mombasa mwaka 1928 ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya nchi hizi. Ng' ikabaki na kialama chake.

Msiseme ni kitu kidogo. Kung'oa ni kung'oa, kama jino au mti. Kialama kile kikidondoka unapata ngoa, ambalo ni neno jingine kabisa, la tamaa na wivu. Kialama kimoja tu, na hadithi yako ya mkulima imegeuka kuwa hadithi ya mapenzi.

Na Ufipa je? Mwaka 1885 Mapadre Weupe walichukua kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kilichokuwa kimejengwa na Wabelgiji mwaka 1879. Kutoka ziwani wakapanda uwandani, na kusoma kukapanda nao: katekisimu, sala, shule. Askofu wao, Adolphe Lechaptois, aliandika kitabu kuhusu nchi hizi na watu wake. Kilitoka mwaka 1913, kwa Kifaransa, kikachapwa Algeria. Baadaye Roy Willis, mtaalamu kutoka Uingereza, alikuja Ufipa katika miaka ya 1960, akasikiliza hadithi za wazee, na kitabu chake juu ya sanaa ya masimulizi ya Wafipa kikatolewa Oxford mwaka 1978, kwa Kiingereza. Siwalaumu, kwani bila wao pengine mengi yangepotea. Lakini tazama mwelekeo wa safari: hadithi inatoka mdomoni mwa bibi pale kijijini, inavuka bahari, inavaa herufi za ng'ambo, na mjukuu wake akitaka kuisoma inambidi kwanza ajue lugha ya wenyewe.

Taipu hazikubadilisha mambo sana. Mashine ya taipu ilikuja na vitufe vilivyohesabiwa kiwandani. Mkikuyu aliyetaka kuandika ĩ na ũ zake aliishia kuongeza kofia kwa kalamu au kuziacha zikae uchi. Hata kompyuta zilipokuja, kwa miaka mingi kila fonti ilikuwa na nafasi chache, 256 tu katika mifumo mingi, nazo zilijazwa na lugha za wenye viwanda. Uliweza kutengeneza fonti yako ukaficha ŋ mahali pa herufi nyingine, lakini ukimpelekea mwenzako asiyekuwa na fonti hiyo, yeye aliona vurugu tupu.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1991, ilipotolewa Unicode ya kwanza. Hiyo ni orodha moja ya dunia nzima inayoipa kila herufi namba yake, iwe ya Kiarabu, ya Kichina, au ŋ ya Waganda. Lakini kuwa na namba peke yake hakutoshi. Namba ni kama jina kwenye daftari la mahudhurio. Fonti ndiyo mwili wa mwanafunzi. Fonti isipokuwa na umbo la namba hiyo, simu hufanya moja kati ya mambo mawili: ama huazima umbo kutoka fonti nyingine, na neno linaonekana kama shati lenye kiraka, ama huonyesha kijisanduku kitupu. Vijisanduku hivyo vilifanana na vipande vya tofu, chakula cha soya cha Asia, na ndiyo maana Google walipotengeneza fonti za lugha zote wakaziita Noto, yaani hakuna tofu tena.

Sasa tumefika kwenye simu zetu. Simu za Android zilipoanza kuuzwa mwaka 2008 zilikuja na fonti yake ya kiwandani, na tangu mwaka 2011 Roboto ikashika nafasi hiyo. Mtengenezaji wa programu aliweza kubeba fonti yake ndani ya programu, lakini kwa kuhangaika kidogo. Toleo la 8 la mwaka 2017 liliirahisisha kazi: unaweka faili la fonti kwenye kabrasha lake, unalitaja kwa jina, basi. Mwenye simu hahitaji kuwa na fonti hiyo, maana hadithi inasafiri na herufi zake. Hebu pima maana yake, kijana mwenzangu. Tangu herufi zilipofika Ufipa, ni mara ya kwanza kijana wa Sumbawanga, bila tanuri, bila kiwanda, bila kibali cha London, anaweza kuamua mwenyewe msomaji wake ataona herufi zipi.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukipewa uhuru huo tunachagua kwa macho tu. Tunapenda fonti yenye madoido, inayofanana na maandishi ya ubavuni mwa basi. Unaiweka, kichwa cha hadithi kinapendeza, halafu linakuja neno ng'ombe na kialama hakimo, kwa sababu aliyeichora alichora A mpaka Z akaenda zake kulala. Na hata fonti ikiwa nacho, kialama kinaonewa bado. Kuna kilichonyooka na kuna kilichopinda, na kila kimoja kina namba yake. Ukiandika kwa kimoja na msomaji akatafuta kwa kingine, programu isiyoandaliwa vizuri itamwambia hakuna ng'ombe humu. Kwenye Android yenyewe, maneno ya programu yakihifadhiwa katika faili la matini, kialama kilichonyooka kwa kawaida hutanguliwa na kamstari ka mshazari kanakoinamia kushoto, maana kikiachwa hivi hivi kinaleta matatizo. Alama yetu ya kila siku kwa mashine ni kosa mpaka iombewe ruhusa!

Kuna na hesabu ya mfuko. Fonti moja ya herufi za Kirumi inaweza kuwa na kilobaiti mia moja au mia kadhaa. Ukiongeza ya wino mzito, ya mlazo, na nyingine ya vichwa vya habari, mzigo unaongezeka, na anayeulipa ni msomaji mwenye bando la kuunga unga. Pia kuna sheria: fonti nyingi za kuuzwa zinaruhusu kuchapa karatasi lakini haziruhusu kufungwa ndani ya programu. Zilizo chini ya leseni huria ya SIL, iliyoanza mwaka 2005, unaruhusiwa kuzibeba, hata kuzirekebisha, mradi ufuate masharti yake. Na usifunge ukubwa wa maandishi. Mama mwenye macho yaliyochoka ameshaiamuru simu yake ikuze herufi. Programu yako isimpinge.

Jambo moja linanichekesha na kunifikirisha. Moja ya fonti hizo huria inaitwa Andika. Ndiyo, Andika, neno letu hili hili. Shirika la SIL waliitengeneza kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma: a yake ni ile ya ubaoni, na I kubwa, l ndogo na 1 havichanganyiki. Kuna pia fonti iitwayo Ubuntu, jina la Kibantu, iliyotoka mwaka 2010 na kuchorwa na kampuni ya London. Kwa hiyo majina yetu yameshaingia kwenye tanuri. Mikono yetu bado.

Kwa hiyo nashauri hivi. Fonti ikikupendeza, usiipime kwa jina lako peke yake. Iandikie sentensi hii: Nyang'au aliyenyang'anya ng'ombe ng'ambo ya mto ameng'ata ung'ong'o. Isome kwenye simu ya bei rahisi kuliko zote mtaani, juani, bila miwani. Halafu mwombe mzee akusimulie hadithi moja kwa Kifipa, uiandike kama anavyotamka, uone herufi zinatosha au zinapwaya. Zikitosha, ichape. Zisipotosha, leseni inakuruhusu kuifungua fonti na kuongeza kilichopungua, na programu za kufanyia hivyo zipo za bure.

Mzee wa ilungu hakungoja jembe lishuke kutoka ng'ambo. Alichimba, akachoma, akapuliza.