Kupima dawa ya kifafa katika damu

Mgonjwa wa kifafa anayechukua dawa katika kituo cha afya mtaani Riruta, Nairobi, akizidi kuanguka licha ya matibabu, swali la kwanza ni moja: je, kipimo alichopewa ni kidogo, au dawa haimezwi? Kumtazama tu hakutoshi. Jibu limo katika damu.

Tofauti hiyo ilidhihirika Kilifi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, wagonjwa 673 walihojiwa, na 499 kati yao wakasema wanatumia dawa. Damu ilipopimwa, ilikadiriwa kuwa asilimia 62.4 ya wagonjwa hawakuwa wakipata matibabu. Si haki kuwaita waongo; wako wanaomeza leo na kuruka kesho ili tembe zifike mwisho wa mwezi.

Dawa inayohitaji kipimo hiki zaidi ni fenitoini, iliyothibitishwa kuzuia kifafa mwaka wa 1938. Kiwango kinacholengwa kwa kawaida ni maikrogramu 10 hadi 20 katika kila mililita. Ini huivunja dawa hii kwa kasi yenye kikomo, na kikomo kikishafikiwa, nyongeza ndogo tu huweza kukipandisha kiwango ghafla. Kikipita 20, macho huanza kuchezacheza; kikipita 30, mgonjwa hupepesuka mithili ya mlevi; kikipita 40, huchanganyikiwa. Ndiyo maana kumwongezea tembe kwa kukisia ni hatari.

Hata asiyebadilisha kipimo hayuko salama daima. Nchini Australia, mwaka wa 1968, wagonjwa kadhaa walidhurika baada ya unga wa kujazia vidonge vya fenitoini kubadilishwa, ingawa dawa yenyewe ilibaki ileile. Hapa kwetu, dawa za kifua kikuu zastahili kuangaliwa: rifampisini hupunguza fenitoini mwilini, ilhali isoniazidi huiongeza.

Damu hutolewa kabla ya kumeza dawa ya asubuhi, mgonjwa akiwa ametumia kipimo kilekile kwa takriban majuma mawili. Fenobabitoni, inayotoka mwilini polepole, yahitaji majuma matatu au manne. Kwa kuwa vituo vya mitaani kwa kawaida havina mashine za kazi hii, sampuli hupelekwa katika maabara kubwa, na fomu yapasa kuonyesha saa ya tembe ya mwisho pamoja na dawa nyingine zote anazotumia mgonjwa.

Nambari peke yake haiamui. Mgonjwa asiyeanguka tena huku kiwango chake kikiwa 8 hana haja ya kuongezewa. Mwenye utapiamlo au mjamzito huweza kuonyesha kiwango cha chini kwa sababu ya upungufu wa protini katika damu, ilhali sehemu ya dawa inayofanya kazi inatosha.

Majibu yakichelewa, mgonjwa aendelee na kipimo alichoandikiwa. Kuikatiza dawa ghafla huweza kuleta degedege isiyokoma, ambayo huua.