Mwalimu Mwanafunzi na Mtoto Maskini: Somo la Historia kutoka Halle

Utangulizi

Walutheri tumezoea kusema kwamba kanisa letu limekwenda pamoja na shule tangu mwanzo. Usemi huo una msingi. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwataka wafungue shule za Kikristo na kuzitunza, na mwaka 1530 aliwahimiza wazazi wasiwaondoe watoto wao shuleni. Hata hivyo, kuwa na shule ni jambo moja, na kuwa na mwalimu aliyeandaliwa ni jambo jingine. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza maswali mawili ambayo Matengenezo yalituachia bila kuyamaliza. La kwanza: je, mtu anayesoma chuo kikuu hujifunzaje kufundisha? La pili, ambalo huulizwa mara chache: wakati anajifunza, ni mtoto wa nani anayebeba makosa yake?

Tumechagua kuanzia Halle, kwa sababu huko ndiko maswali haya yalikokutana kwa mara ya kwanza chini ya paa moja.

Kazi ya Francke

August Hermann Francke (1663–1727) aliitwa kuwa mchungaji wa Glaucha, nje kidogo ya mji wa Halle, mwaka 1692. Papo hapo akawa profesa katika chuo kikuu kipya cha mji huo, kilichozinduliwa rasmi mwaka 1694. Hivyo basi alikuwa na mguu mmoja katika ukumbi wa mihadhara na mwingine katika usharika wa maskini.

Karibu na Pasaka ya mwaka 1695 alikuta katika sanduku la sadaka taler 4 na groschen 16. Kwa fedha hizo alinunua vitabu 27, akamwajiri mwanafunzi mmoja maskini wa chuo kikuu awafundishe watoto wa mitaani saa mbili kila siku. Vile vitabu viligawiwa kwa watoto, lakini vilivyorudi vilikuwa vinne tu. Francke hakukata tamaa. Aliagiza kwamba vitabu vibaki shuleni, akaendelea.

Kutokana na mwanzo huo mdogo zilikua shule nyingi. Mwaka 1698 liliwekwa jiwe la msingi la nyumba kubwa ya yatima, na Francke alipofariki mwaka 1727 watoto zaidi ya 2,000 walikuwa wakifundishwa katika shule hizo. Watoto wengi kiasi hicho wangepata wapi walimu? Jibu la Francke lilikuwa la busara. Wanafunzi wa theolojia wengi walikuwa na njaa. Aliwaandalia meza ya chakula bila malipo, nao kwa upande wao wakafundisha saa mbili kwa siku. Utaratibu huo, ulioanza mwaka 1696, uliitwa kwa Kilatini Seminarium Praeceptorum, yaani kitalu cha walimu. Mwanafunzi alisikiliza mihadhara, akaingia darasani, kisha akaketi mezani. Wakaguzi walipita madarasani, na walimu walikutanishwa ili kuonyana na kushauriana. Mhadhara, darasa na usimamizi viliunganishwa kwa namna ambayo vyuo vingi vya leo vingeionea wivu.

Upande wa pili

Lakini mwanahistoria hapaswi kuishia katika kusifu. Wanafunzi wale walikuwa wapita njia. Walifundisha kwa ajili ya mkate, na nia ya wengi wao ilikuwa ni kupata uchungaji; mara walipoitwa kwenye usharika, darasa liliachwa kwa mgeni mwingine. Francke mwenyewe aliuona upungufu huo. Mwaka 1707 aliunda kundi teule, Seminarium Selectum, ambalo wanachama wake waliandaliwa kwa miaka miwili na kuahidi kufundisha miaka mitatu baada ya hapo.

Je, walimu hao walioandaliwa vizuri walikwenda wapi? Walikusudiwa shule za juu, ambako walisoma vijana wa Kilatini na wana wa watu wenye cheo. Shule za Kijerumani, zilizokuwa za watoto wa watu wa kawaida, ziliendelea kuwategemea wale wa meza ya chakula. Waarabu wana methali isemayo kwamba kinyozi hujifunza kunyoa kwenye vichwa vya yatima. Hatusemi kwamba Francke alikusudia hivyo. Bila mwalimu yule mwenye njaa, mtoto wa Glaucha asingepata mwalimu hata mmoja. Hata hivyo, alipopatikana mwalimu bora zaidi, mtoto yule hakuwa wa kwanza kupewa.

Kwetu

Mbegu ya Halle ilienda mbali. Johann Julius Hecker, aliyepata kufundisha katika shule za Francke, alianzisha seminari ya walimu huko Berlin mwaka 1748. Seminari za namna hiyo zilisimama zenyewe, nje ya chuo kikuu. Tangu hapo, kwa muda mrefu, mwalimu wa shule ya kijiji alisoma njia moja na mwalimu wa shule ya juu njia nyingine. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka katika nchi yenye mapokeo hayo, na seminari ya walimu ya Marangu ni tunda lake mojawapo.

Baada ya uhuru nchi yetu ilikabiliwa na hesabu ileile ya Francke, ila kwa ukubwa wa taifa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kufikia mwaka 1977 watoto wote wenye umri wa kwenda shule waandikishwe. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Basi maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walipelekwa katika shule za vijiji, wafundishe madarasa ya chini huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio na kwa msaada wa waratibu wa elimu wa kata. Wako watu wengi waliojua kusoma kwa sababu ya vijana hao, na haifai kuwadharau. Lakini hapa tena, aliyepewa mwalimu mwanafunzi alikuwa mtoto wa kijijini, anayeanza a, e, i, o, u, katika umri ambao mwalimu stadi anahitajika kuliko wakati wowote.

Hitimisho

Ualimu ulianza kufundishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964, na leo hata Makumira, iliyoanza kama chuo cha theolojia, huandaa walimu. Hatari ya zamani ilikuwa darasa bila mhadhara. Hatari yetu ni mhadhara wa miaka mitatu ukifuatwa na majuma machache ya mazoezi, ambapo mkufunzi hufika mara moja au mbili, hujaza fomu, na kuondoka.

Hatuwezi kukwepa ukweli kwamba kila mwalimu lazima awe na darasa lake la kwanza, na kwamba watoto wa darasa hilo ni watoto halisi. Historia haituruhusu kusema kwamba gharama hiyo haipo. Inatuuliza tumemtwika nani. Mtume Yakobo anaonya katika sura ya 3 ya waraka wake kwamba hukumu ya waalimu ni kubwa zaidi. Sisi tunaowafundisha waalimu hatuwezi kujiondoa katika onyo hilo. Basi tuwapeleke wanafunzi wetu kwa mtoto maskini, kama Francke alivyofanya, lakini twende pamoja nao, tukae nyuma ya darasa, na tusiondoke mapema. Na tunapopata walimu walio bora, tumkumbuke mtoto huyo kwanza.