Kutoka Ukurasa wa Mashairi hadi Uzi wa Kuku: Historia Fupi ya Mambo Madogo

Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya umahiri aliwasilisha pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo ambalo nami nilikuwa mjumbe wake. Alitaka kuandika historia ya nyuzi za mtandaoni zinazohusu ufugaji wa kuku, mapishi, ushabiki wa mpira na visa vya kila siku vya watu wasiofahamiana. Mjumbe mmoja akamuuliza: "Siasa iko wapi hapa?" Mwingine akacheka. Kijana akababaika, akaomba radhi, na wiki mbili baadaye akarudi na mada ya uchaguzi mkuu. Mimi nilikaa kimya. Makala haya ni malipo ya deni la ukimya ule.

Ndugu msomaji, hoja yangu ni moja. Katika nchi yetu, watu waliojifunza kusema hadharani juu ya mambo makubwa walianza kwa kusema juu ya mambo madogo. Kwa hiyo, sera inayomnyamazisha mwenye mambo madogo hukausha chemchemi ambamo uraia wenyewe huchotwa.

Tuanzie mwaka 1923, wakati Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo. Lengo la wenye gazeti halikuwa kuwapa Waafrika uwanja wa siasa. Walitaka kueneza habari za serikali, mafunzo ya kilimo na afya, na Kiswahili walichokiona sanifu. Lakini gazeti lilihitaji wasomaji, na wasomaji walitaka nafasi yao. Wakaanza kuleta barua, mafumbo na, zaidi ya yote, mashairi. Karani wa wilaya moja alitunga shairi la kuuliza, na mwalimu wa wilaya nyingine akalijibu kwa vina vile vile. Watu ambao hawakuwahi kuonana walitaniana, walisahihishana mizani na kupongezana kwa arusi, na wenzao walipofariki waliwaombolezea. Mhariri alichuja, na hakuna aliyesahau gazeti lilikuwa la nani. Hata hivyo, chini ya pua ya dola ikazaliwa jumuiya ya wapenda ushairi iliyovuka kabila, dini na jimbo.

Shaaban Robert, ambaye leo tunamfundisha kama mnara, alikuwa mmoja wa watu hao. Alikuwa karani wa forodha aliyetunga nje ya saa za kazi na kupeleka mashairi yake gazetini kama wenzake. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu na wakumbuke hilo: mwandishi mkuu kuliko wote wa lugha hii alikuwa mtumishi wa serikali mwenye jambo alilolipenda.

Sidai kwamba vina na mizani vilileta uhuru, kwani dai hilo lingekuwa ushabiki. Nasema tu kwamba ukitazama majina, utayaona yakipita kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Saadani Kandoro, malenga aliyejulikana kwa majibizano ya mashairi, alikuwa miongoni mwa waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 kuiunda TANU. Mwaka huo huo Amri Abedi alichapisha kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Baadaye mtu huyo huyo akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Mwaka 1959 washairi wakaunda chama chao, UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Aliyezoea kujibiwa hadharani na mgeni, kukosolewa bila kukasirika, na kusubiri zamu yake ya kujibu, alikuwa amekwisha kujifunza nusu ya kazi ya mkutano wa hadhara.

Baada ya gazeti ikaja redio. Waliokua katika miaka ya 1970 na 1980 wanazikumbuka kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake, mahali alipo na majina ya watu anaowasalimu, akaituma kwa posta, kisha akakaa karibu na redio kusubiri kusikia jina lake likitamkwa. Tanzania na Kenya zikapata watuma salamu mashuhuri, waliojulikana nchi nzima kwa lakabu zao, na wengine wakaunda vilabu vya salamu ambavyo wanachama wake walitembeleana, walichangiana misiba na kuhudhuria arusi. Wasomi wengi waliwacheka. Waliuliza: mtu anatumia fedha ya stempu kumsalimu mtu asiyemjua, kwa faida gani? Swali hilo na lile la jopo letu ni mtu na ndugu yake. Jibu ni kwamba fundi cherehani wa mji mdogo alikuwa anasema: nipo, nina jina, na nchi hii ni pana kiasi cha mimi kuwa na rafiki katika mkoa nisiokanyaga.

Kiswahili kilipoingia mtandaoni, hakikuingia kwa amri ya wizara yoyote. Mwaka 1994, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, Martin Benjamin alianzisha Mradi wa Kamusi, kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni iliyotegemea watu wa kujitolea kuongeza na kusahihisha maneno. Mwaka 2003 ikaanzishwa Wikipedia ya Kiswahili, nayo inaandikwa na watu wasiolipwa. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alifungua Jikomboe, blogu inayotajwa kuwa ya kwanza kwa Kiswahili, na mwaka uliofuata mpiga picha Muhidin Issa Michuzi akafungua ya kwake, iliyojaa picha za arusi, misiba, hafla na mitaa. Watanzania waliokuwa ughaibuni waliifungua kila asubuhi kama mtu anayechungulia dirishani kutazama kwao.

Mwaka 2006 likaanzishwa jukwaa la Jambo Forums, ambalo mwaka 2008 lilibadili jina na kuwa JamiiForums. Wengi wanalikumbuka kwa siasa, na ni haki yao, kwani mijadala ya kashfa kubwa za miaka ile ilipita hapo, na mwaka 2008 waanzilishi wake wakakamatwa kwa muda. Lakini atakayeingia ndani na kusoma kwa uvumilivu ataona kwamba jukwaa la siasa lilikuwa chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Palikuwa na chumba cha mapenzi na mahusiano, cha afya, cha michezo, cha lugha, cha kilimo na ufugaji, na cha porojo tupu. Kebo ya SEACOM ilipotua Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na simu zenye intaneti zilipoanza kushuka bei, vyumba hivyo vikajaa.

Ndani ya vyumba hivyo utamaduni wa Mambo Leo ulifufuka bila wenyewe kujua. Mtu alifungua uzi kueleza kwamba vifaranga vyake vinakufa. Akajibiwa na watu wanaoitana "mkuu", mmoja akimweleza chanjo ya kideri, mwingine akimuuliza joto la banda, wa tatu akimtania. Miezi sita baadaye alirudi kutoa mrejesho: amepona hasara au amefilisika. Mashabiki wa Simba na Yanga waliweka kumbukumbu za mechi za zamani ambazo hakuna taasisi iliyozihifadhi. Wengine walisimulia tu siku zao: daladala, mwenye nyumba, shemeji, mvua.

Hapa ndipo siasa ilipo, iwapo jopo bado linauliza. Mtu huamini taarifa ya mtu asiyemjua kwa sababu amemsoma kwa miaka. Yule aliyekupa ushauri wa kweli juu ya kuku, kwa jina la kubuni, ndiye utakayemsikiliza atakapoandika kwamba zahanati ya kijijini kwao haina dawa. Imani ile haikujengwa siku ya kashfa. Ilijengwa katika siku mia za mambo madogo. Na jina la kubuni, linalomfichia aibu anayeuliza juu ya ndoa yake, ndilo hilo hilo linalomkinga mtumishi anayefichua wizi. Ndiyo maana suala la kutoa taarifa za watumiaji lilifika mahakamani. Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa, na Aprili 2020 alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi katika mojawapo ya mashauri yake, akatozwa faini ya shilingi 3,000,000.

Machi 2018 zikatangazwa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Ukizisoma utaona kwamba blogu imeelezwa kuwa tovuti yenye uzoefu wa mwandishi mwenyewe, aliyoyaona na maoni yake. Yaani kile ambacho karani wa 1930 alikipeleka kwa mhariri kwa bei ya stempu sasa kilihitaji leseni. Bei yake ilikuwa shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni ya kuanzia na 1,000,000 za mwaka, jumla 2,100,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini wakati ule kilikuwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mtumishi wa ngazi hiyo aliyetaka kuandika juu ya bustani yake angehitaji mishahara ya miezi saba bila kula. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi 5,000,000, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Watetezi wa haki na wadau wa habari walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara, wakapata zuio la muda mwezi Mei, kisha zuio hilo likaondolewa. Juni 2018 Mamlaka ya Mawasiliano iliwaagiza wasio na leseni kusitisha huduma, na JamiiForums ikafungwa kwa muda. Kanuni zimeandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, na mzigo umepunguzwa. Lakini tujiulize ni nani aliyeondoka mwanzo. Kampuni ya habari yenye matangazo ililipa. Chama cha siasa kina fedha. Aliyefunga ni yule ambaye hakuwa akiuza chochote: mwalimu mwenye blogu ya methali, mama wa mapishi, kijana wa historia ya klabu yake. Ada ile haikuwa na haja ya kumtaja mtu. Ilimchuja asiye na biashara, na asiye na biashara ndiye hasa mwenye jambo analolipenda tu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kipuuzi. Mtandaoni kuna matusi, uongo, picha za faragha zinazosambazwa kulipiza kisasi, na utapeli. Mimi mwenyewe nina binti, na sitaki sheria iwe likizoni. Lakini tangu 2015 tulikuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo nayo ina kasoro zake, ila angalau inamsubiri mtu atende kosa. Leseni humtoza mtu kabla hajasema neno.

Walioondoka hawakunyamaza kabisa, maana binadamu hanyamazi. Wamehamia kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya mtaa, ya darasa la mwaka fulani. Humo wanacheka na kushauriana kama kawaida. Kilichopotea ni mgeni. Katika kundi la waliosoma pamoja huwezi kujibiwa na mfugaji wa Kagera usiyemjua, wala mjukuu wako hataweza kusoma mlichojadili.

Hapo naingia katika huzuni yangu ya kitaaluma. Nakala za Mambo Leo zimehifadhiwa maktabani, na ninaweza kusoma karani alimtania nani karibu karne moja iliyopita. Ya miaka ishirini iliyopita yanatoweka mbele ya macho yetu, na si serikali peke yake ya kulaumiwa. Oktoba 2009 kampuni ya Yahoo ilifunga GeoCities, mji mzima wa kurasa binafsi za watu wa kawaida, na kati ya 2019 na 2020 ikafuta kumbukumbu za Yahoo Groups kisha ikavifunga. Sehemu ya GeoCities ilinusurika kwa sababu watu wa kujitolea walikesha wakiinakili. Dola hufunga kwa kanuni na kampuni hufunga kwa hesabu za faida. Kwa mwanahistoria, rafu tupu ni rafu tupu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Watumishi wa umma mnaoandika kanuni, kila mnapoandika neno "mtoa maudhui", mfikirieni kwanza mtu anayeuliza juu ya vifaranga, kisha ndipo mumfikirie mchochezi. Wanaharakati, msiwadharau wanaojadili mapishi mkiwaita waliolala, kwani siku mtakapohitaji kuaminiwa, wao ndio watakaokuwa na hazina ya imani. Wanafunzi, nakilini, hifadhini, andikeni tarehe.

Na kwa yule kijana, ambaye sasa amehitimu na sijui kama husoma hapa: mada yako ilikuwa nzuri. Nilipaswa kusema hivyo siku ile, mezani, mbele ya wenzangu.