JKT: Jembe, Bunduki na Swali la Vijana wa Mafinga

Ndugu msikilizaji, msafiri anayetoka Iringa mjini kwenda Mbeya kwa barabara kuu ya Zambia hupita Mafinga baada ya kilometa zipatazo 80. Ataona misitu ya misonobari ya Sao Hill, magari yaliyosheheni mbao, na akina mama wanaouza viazi kando ya barabara. Ikiwa ni mwezi wa Juni au Julai, ataonja pia baridi ya Mufindi, ambayo haina mzaha. Hapo Mafinga ndipo ilipo kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, Kikosi namba 841. Maelfu ya Watanzania walio maofisini mijini leo hii waliwahi kuamshwa alfajiri katika baridi hiyo wakakimbizwa mchakamchaka.

Leo napenda tuzungumzie historia ya jeshi hilo. Wengi wetu tunalijua kwa nyimbo na kwa masimulizi ya maafande wakali. Wachache wanakumbuka kwamba lilizaliwa kama jumuiya ya vijana wa kulima, na kwamba swali lililokuwapo siku lilipozaliwa halijapata jibu kamili hadi sasa. Swali lenyewe ni hili: je, kijana anapelekwa kambini ili afanywe kiongozi wa kilimo, au ili awe mkono wa kushika jembe la mtu mwingine?

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tanganyika ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu tangu Uhuru. Vijana waliomaliza darasa la nane walikuwa wakimiminika mijini kutafuta kazi za karani, na kazi hizo hazikuwapo za kuwatosha. Umoja wa Vijana wa TANU ukapendekeza kiundwe chombo cha kuwakusanya vijana wa makabila yote, wa dini zote, wasomi na wasiosoma, walale hanga moja, wale chungu kimoja na kulima shamba moja. Serikali ya Mwalimu Nyerere ikalikubali wazo hilo.

Mfano haukutoka mbali na dunia ya wakati ule. Israeli, iliyokuwa na kikosi cha Nahal cha vijana wanaolima huku wakilinda mipaka, ilisaidia kutoa mafunzo ya mwanzo. Kenya nayo ilianzisha Huduma yake ya Vijana kwa Taifa mwaka 1964. Nchi changa zilikuwa zinatafuta namna ya kumgeuza kijana asiye na kazi awe nguvu ya taifa.

Haukupita mwaka, historia ikabadili mkondo. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi hilo lilivunjwa, na Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Waliojaza nafasi za askari wapya walitoka kwa wingi katika Umoja wa Vijana wa TANU na katika kambi za JKT. Kijana aliyeingia kwa ajili ya jembe akajikuta ana bunduki begani. Tangu hapo, msikilizaji, njia ya kutoka JKT kwenda jeshini ikawa wazi machoni pa vijana, ilhali njia ya kutoka JKT kwenda shambani haikupata kuwa wazi kiasi hicho.

Hadi hapo waliokwenda walikwenda kwa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ikaamua kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu, wa vyuo vingine na wa kidato cha sita walazimike kulitumikia taifa kwa miaka miwili. Sehemu ya muda huo wangekaa kambini, na sehemu iliyobaki wangefanya kazi kwa asilimia 40 ya mshahara. Wasomi hawakupendezwa. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana hadi Ikulu, Dar es Salaam, na miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba hali ilikuwa afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu aliwasikiliza, akakasirika. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa chuoni wakarudishwa makwao. Siku hiyo hiyo Mwalimu alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa masomoni mwaka uliofuata, na Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Elimu ya Kujitegemea, iliyoagiza kila shule iwe na shamba.

Tangu wakati huo JKT ilikuwa na mila zake, na mila hizo ndizo zilizowaunganisha watu. Mtoto wa waziri na mtoto wa mchunga ng'ombe waliitwa jina moja: kuruta. Wote walinyolewa, wote walivaa kombati, wote walikwenda fatiki. Neno kudoji, ambalo leo linatumika hata sokoni, lilikuwa na maana maalumu kambini: kumwachia mwenzio mzigo wako. Kila kundi lilipewa jina la operesheni yake, na hadi leo watu wazima wakikutana huulizana, "Wewe ulikuwa operesheni gani?" Jibu likilingana, undugu huanza palepale. Aliyetoka Kagera alijifunza kwamba Mmakonde ni mwenzake, na binti wa mjini alijifunza kwamba jembe lina mpini na mpini una malengelenge. Hapana budi tuseme wazi kwamba umoja wa nchi hii ulijengwa kwa sehemu katika mahanga hayo. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa waliokwenda kuilinda nchi.

Lakini tukirudi kwenye kilimo, mambo hayakwenda sawa na hesabu. Nyanda za Juu Kusini zenyewe zina ushuhuda wa pande mbili.

Upande wa kwanza ni Litowa, Songea. Mwaka 1960, kabla JKT haijazaliwa, vijana wachache wa Umoja wa Vijana wa TANU walikwenda kuanzisha kijiji cha kulima pamoja. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichokuja kuunganisha vijiji 17. Walichagua viongozi wao, walipanga kazi katika mikutano yao, walikuwa na kinu chao cha kusaga na shule yao. Kulikuwa na uongozi wa vijana katika kilimo kwa maana halisi. Septemba 1969 chama hicho kilipigwa marufuku, na mali zake zikachukuliwa. Kosa lake kubwa lilikuwa kwamba wakulima wake walizoea kuamua wenyewe.

Upande wa pili ni Iringa. Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, aliuawa na mkulima huko Isimani, wakati wa mvutano juu ya kuwaingiza wakulima katika ujamaa. Miezi mitano baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana papo hapo Iringa ikatoa tamko la Siasa ni Kilimo. Tamko hilo lilikuwa na mengi mazuri: lilihimiza mbolea, mbegu bora na jembe la kukokotwa na ng'ombe. Hata hivyo, tukiyaweka matukio haya matatu pamoja, tunaona somo moja. Mkulima anayepewa amri bila kuulizwa hugoma, ama kwa ukimya ama kwa msiba.

Mwaka 1975 JKT iliwekwa chini ya Jeshi la Wananchi. Mwaka 1981 likaanzishwa shirika lake la uzalishaji mali, SUMAJKT, ili mashamba, mifugo na karakana za kambi ziendeshwe kibiashara. Majukumu ya JKT yakabaki matatu: malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi wa taifa. Kisha uchumi ukayumba. Mwaka 1994 Serikali ilisimamisha utaratibu wa lazima kwa kukosa fedha. Sisi tuliomaliza shule kati ya mwaka huo na 2013 tulipita bila kuitwa kuruta. Wazazi wetu hutusema kwa hilo mpaka leo kila tunaposhindwa kutandika kitanda.

Machi 2013, chini ya Rais Kikwete, utaratibu ulirejeshwa. Wabunge kadhaa vijana walivaa kombati ili kutoa mfano, na operesheni ikaitwa Miaka 50 ya JKT. Mafinga ikapokea tena wahitimu wa kidato cha sita, safari hii kwa miezi mitatu. Mbali na hao wa mujibu wa sheria, wapo pia wanaojitolea kwa miaka miwili. Wengi wa hawa wa kujitolea ni watoto wa wakulima, na wengi wao wana tumaini moja tu: ajira jeshini, polisi au magereza.

Aprili 2021 tumaini hilo lilipasuka hadharani. Kundi la vijana wa Operesheni Magufuli liligoma, likataka kwenda Ikulu ya Chamwino, Dodoma, kudai ajira waliyoamini wameahidiwa. Jeshi liliwafukuza vijana 854. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe.

Ndugu msikilizaji, yapime matukio hayo mawili. Mwaka 1966 vijana walikwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kuingia JKT. Mwaka 2021 vijana walitaka kwenda Ikulu kwa sababu hawakutaka kutoka JKT mikono mitupu. Wale wa kwanza walikuwa wasomi wachache wenye uhakika wa kazi. Hawa wa pili ni watoto wa nchi yenye wasomi wengi na kazi chache. Katika makundi yote mawili hakuna aliyedai shamba. Miaka 55 ya kusema kwamba kilimo ni uti wa mgongo haikumshawishi kijana kwamba shamba ni mahali pa kuishi na kuheshimiwa.

Kwa nini? Sababu mojawapo iko Mafinga kwenyewe. Mhitimu wa kidato cha sita huripoti kambini mwezi wa Juni hivi, mahindi ya Mufindi yakiwa yamekauka shambani. Huondoka baada ya miezi mitatu. Mvua za kupandia huanza Novemba. Kijana huyo anaweza kushiriki kuvuna alichopanda mwingine, lakini hatachagua mbegu, hatapanda, hatapalilia, wala hatajua bei ya mbolea ilimlaje mkulima. Huwezi kumfundisha mtu kilimo katika msimu ambao ardhi imelala. Atajifunza nidhamu, na nidhamu ni kitu kikubwa. Lakini kilimo hatajifunza.

Sababu ya pili ni umiliki. Huko Marekani kuna jumuiya ya vijana wakulima iliyoanzishwa mwaka 1928 katika mji wa Kansas City, ambayo wanachama wake hujulikana kwa koti la bluu. Msingi wake ni kwamba kila kijana ana mradi wake, awe na ndama, kuku au kipande cha shamba, na daftari la hesabu ambalo yeye mwenyewe hulijibia. Akipata hasara, ni yake. Faida ikija, ni yake pia. Vijana wa Litowa walilijua jambo hilo bila kwenda Marekani. Katika kambi zetu shamba ni la kikosi. Kuruta analima, anaimba, anaondoka.

Hapa sisemi kambi zifungwe. Mimi nasema zikamilishwe. Kijana wa kujitolea anayekaa Mafinga miaka miwili hupitia misimu miwili ya mvua. Apewe ekari yake ndani ya shamba la kikosi, kundi lake lichague kiongozi, daftari liandikwe, na sehemu ya mavuno ihesabiwe kuwa mtaji wake siku ya kuondoka. Halmashauri anakotoka zimwandalie ardhi kabla hajarudi. Mwaka 2023 Serikali ilizindua mashamba ya vijana ya mpango wa Jenga Kesho Iliyo Bora huko Chinangali, Dodoma, kwa hiyo wazo la kumpa kijana ardhi na maji si geni tena. Kilichobaki ni kuyaunganisha mambo haya mawili, nidhamu ya kambi na umiliki wa shamba.

Wahenga walisema mkulima ni mmoja, walaji ni wengi. Sisi wa mijini ndio hao walaji. Mahindi, viazi na mbao za Mufindi hutufikia kila siku, na aghalabu aliyezalisha ni mtu mzima ambaye mwanawe ameshaapa kutolishika jembe. Kabla hatujamlaumu mtoto huyo, tujiulize kama kuna mahali popote tulipompa shamba na kumwambia kwamba ni lake.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.