Semboja wa Mazinde: Mtawala Asiyeketi Kitini

Mazinde, mahali palipo tambarare karibu na Mombo, chini ya milima ya Usambara, palikuwa katika karne ya 19 makao ya mtu aliyeishika nchi ya Washambaa pasipo kuketi katika kiti cha ufalme. Mtu huyo ni Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai.

Baba yake alitawala kutoka Vuga, juu milimani, na huko ndiko mmisionari Krapf alikomkuta mwaka 1848, na tena 1852. Mfalme, yaani Simba Mwene, alisadikiwa kuwa ndiye mwenye mvua. Naye alipokea kodi ili aitunze nchi. Kishambaa kina maneno mawili ya kuupima utawala: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu.

Kimweri aliwagawia wanawe sehemu za nchi wazitawale, na Semboja alikuwa na Mazinde, nchi kavu isiyo na heshima ya Vuga. Lakini misafara ya pembe iliyotoka Pangani kwenda bara ilipita hapo, nayo ilileta nguo, baruti na bunduki. Hivyo mwana aliyewekwa pembeni ya ufalme alijikuta katikati ya biashara.

Kimweri alipofariki mwaka 1862, kiti kilirithiwa na mjukuu wake Shekulwavu. Baada ya miaka michache Semboja alimpiga vita kwa msaada wa Wataita na wengineo, na Vuga ikachomwa moto. Shekulwavu alikimbia, wala hakuishi sana baada ya hapo. Mtu angetazamia kwamba mshindi sasa atapanda Vuga kutawala. Bali Semboja alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, naye mwenyewe akabaki Mazinde. Yaelekea alifahamu kwamba kiti kingemfunga milimani kwa miiko yake, hali nguvu zake zilikuwa njiani kwa misafara.

Hesabu hiyo ilikuwa ya werevu, ila gharama yake ililipwa na wengine. Wabondei waliasi katika vita viitwavyo Kiva, wakuu wa Kilindi wakashambuliana, na watu wengi walitekwa na kuuzwa pwani. Semboja alikuwa na amri ya mfalme pasipo wajibu wa mfalme. Na mwanawe alikuwa na wajibu pasipo amri. Mwananchi aliyedhulumiwa hakuwa na mahali pa kushtaki.

Wajerumani walipoushinda upinzani wa pwani, Semboja alipatana nao. Alifariki mwaka 1895, na mwaka huo huo Wajerumani walimnyonga Mputa, mrithi wa Kimweri Maguvu. Kiti kikarudi kwa Kinyashi, wa upande wa Shekulwavu. Lakini Vuga haikurudishiwa nguvu zake. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, ilikuwa dhahiri kwamba mali na amri vimekwisha kuteremka tambarare, kama Semboja alivyotambua mapema.

Masimulizi ya nasaba hiyo yamehifadhiwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi. Asomaye humo hawezi kumnyima Semboja akili. Hata hivyo, Washambaa hawakuwapima watawala wao kwa akili peke yake. Waliuliza kama nchi imepona.