Kifo cha Kitosh na Viungo vya Kosa

Kurutu wa polisi anayefunzwa kazi huko Kiganjo hukutana na somo moja ambalo huenda likamshangaza. Kabla ya hapo aliamini, kama labda wewe msomaji unavyoamini, kwamba kosa ni kitu kimoja kizima: mwizi ni mwizi, na mwuaji ni mwuaji. Somo lile humwambia kuwa sivyo. Kila kosa lina viungo vyake, na kila kiungo hakina budi kuthibitishwa mbele ya mahakama. Kikikosekana kimoja, kosa lile halipo, hata kama vingine vyote vimesimama imara.

Chukua mfano wa wizi. Bonde la Ufa ni nchi ya mifugo, basi tuseme fahali wa mtu mmoja wa Njoro ameonekana katika zizi la jirani yake. Je, jirani ni mwizi? Si lazima. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, katika kifungu cha 268, inataka pawe na kuchukua, tena kuchukua kwa hila, tena bila ya dai la haki. Ikiwa fahali alijiingilia mwenyewe kwa kuwa ua ni bovu, hapana kuchukua. Ikiwa jirani alimswaga kwake huku akiamini kwa moyo mweupe kwamba ni mmoja wa ng'ombe wa mahari ya binti yake, hapana hila, ingawa pana ugomvi mkubwa unaowangoja wazee.

Lakini sikuandika insha hii kwa ajili ya fahali. Nataka tutazame kosa lililo zito kupita yote. Kuua kwa kukusudia, kwa kifungu cha 203, kunahitaji mambo manne. Kwanza, mtu awe amekufa. Pili, kifo kiwe kimesababishwa na mshtakiwa. Tatu, tendo lake, au kuacha kwake kutenda, kuwe kinyume cha sheria. Nne, awe alikuwa na dhamira ovu. Na dhamira hiyo, kifungu cha 206 chaeleza, si chuki ya moyoni tu. Yatosha kwamba alikusudia kuua au kudhuru vibaya, au kwamba alijua tendo lake yamkini litaleta mojawapo ya hayo na asijali. Ikikosekana dhamira, na mengine yote yakiwapo, kosa lashuka na kuwa kuua bila kukusudia.

Maneno haya ni mepesi kuyasoma darasani. Yafaa uyaone yakipimwa kwa uhai wa mtu, na mahali pa kuyaona ni Nakuru, mwezi wa Agosti, mwaka wa 1923.

Huko Molo, kwenye nyanda za baridi zilizo juu ya Nakuru, alikuwapo mlowezi wa Kizungu aliyeitwa Jasper Abraham. Miongoni mwa vibarua wake alikuwa kijana aliyejulikana kwa jina la Kitosh. (Kitosh wakati ule lilikuwa jina ambalo serikali iliwaitia Wabukusu wote, wala si ajabu siku zile kibarua kuitwa shambani kwa jina la kabila lake.) Mwezi wa Juni bwana shamba alimwazima rafiki yake farasi jike ampande mpaka stesheni ya reli. Kitosh akatumwa kwenda kumrudisha farasi yule, naye akaagizwa amwongoze kwa kamba, asimpande. Kijana akampanda. Mtu mmoja akamwona, na habari zikamfikia bwana baada ya siku chache.

Jumapili Kitosh akapigwa. Akapigwa sana, kisha akafungwa kamba na kutiwa katika ghala. Usiku ule ule akafa.

Abraham alishtakiwa, na kesi ikasikizwa Nakuru. Hapo hapana budi nikueleze jambo moja juu ya mahakama za siku zile. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa hakuamuliwa na jaji peke yake. Aliamuliwa na juri, yaani raia walioketi pamoja na jaji na kusema kama mshtakiwa ana hatia au hana, nao wote walikuwa Wazungu. Katika mji kama Nakuru, uliozungukwa na mashamba ya walowezi, watu hao walikuwa jirani za mshtakiwa au watu wa hali moja naye. Mwafrika aliyeshtakiwa hakuwa na juri kabisa.

Hapakuwa na shaka kwamba kijana amekufa, wala kwamba alipigwa, wala ni nani aliyeamuru. Ubishi mwingi ukaangukia kiungo kimoja, kile kinachofunga tendo na kifo. Daktari aliyeichunguza maiti alisema kijana alikufa kwa majeraha aliyopigwa. Madaktari walioletwa na upande wa utetezi walisema kwamba kipigo kile peke yake hakikutosha kuua. Kitosh, walisema, alikufa kwa kuwa alitaka kufa! Mashahidi walikuwa wameeleza kwamba kijana yule, akiwa amefungwa ghalani, alitamka kwamba anataka kufa. Na ikahojiwa kwamba Mwafrika akikata tamaa ya kuishi huweza kufa kwa kutaka kwake, pasipo sababu nyingine.

Juri wakamwona Abraham ana hatia, lakini si ya kuua. Walimwona na hatia ya kumtia mtu maumivu makubwa. Jaji akamhukumu kifungo cha miaka 2.

Yafaa ujue maana ya maneno hayo "maumivu makubwa". Kenya wakati ule ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India, iliyotungwa kwa ajili ya nchi ile na kupitishwa mwaka wa 1860, kisha ikaletwa Afrika Mashariki na Waingereza mwishoni mwa karne ile. Kanuni ile ilihesabu namna nane za maumivu makubwa: kumpofusha mtu, kumtia uziwi, kumvunja mfupa au jino, na mengineyo, pamoja na jeraha linalohatarisha uhai. Basi kwa uamuzi wa Nakuru, aliyevunjwa jino na aliyekufa ghalani wakawekwa katika kapu moja.

Je, sheria ndiyo iliyokuwa na upungufu? Wengi walisema hivyo, na hata leo huenda ukasoma hivyo. Mimi nimeisoma kanuni ile na sikubali. Kifungu chake cha 299, kinachoeleza maana ya kuua, kina maelezo yaliyo wazi. Yasema kwamba anayemjeruhi mtu aliyekwisha kuwa mgonjwa au dhaifu, na kwa hiyo akaharakisha kifo chake, huhesabiwa kuwa ndiye aliyemwua. Yasema tena kwamba jeraha likileta kifo, si hoja kusema kwamba dawa na uuguzi mzuri ungemwokoa. Aliyeandika maneno hayo alijua kwamba wapigaji wa dunia hii hawakosi kisingizio. Ikiwa udhaifu wa mwili wa marehemu haumwokoi mpigaji, sioni kwa nini udhaifu wa moyo wake umwokoe, hasa moyo uliovunjwa na kipigo kile kile na kamba ile ile. Sheria ilikuwapo mezani. Walioketi kuipima ndio walioipima kwa mizani yao wenyewe.

Karen Blixen, Mdenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa karibu na vilima vya Ngong, aliisimulia habari hii katika kitabu chake cha mwaka 1937, wala hakumtaja mlowezi kwa jina. Yeye aliona namna ya uzuri katika kutaka kufa kwa Kitosh, kana kwamba kijana aliwaponyoka waliomfunga na kwenda zake. Ni mwandishi hodari, na usomapo maneno yake utayaonea huruma. Hata hivyo mimi nayaogopa. Kifo kikisha kuwa kizuri, ni vigumu kuuliza ni nani aliyekileta.

Habari zikafika London, nako hazikupokewa vizuri. Mwezi mmoja tu kabla ya kesi, Julai 1923, serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika, na kwamba maslahi ya Waafrika hayana budi kutangulizwa yanapogongana na ya wageni. Hukumu ya Nakuru ilikaa vibaya mno karibu na tangazo lile. Maafisa wa Wizara ya Makoloni walisema kwamba kwa sheria ya Kiingereza mtu yule asingeponea chini ya hatia ya kuua bila kukusudia. Na tangu hapo wakazidi kushikilia kwamba kanuni ya India iondolewe. Walowezi walipinga. Mabishano yakachukua miaka, hata kanuni mpya ikaanza kutumika tarehe 1 Agosti 1930. Uganda na Tanganyika nazo zilipata kanuni za namna hiyo mwaka huo huo.

Kanuni hiyo, ingawa imerekebishwa mara nyingi, ndiyo inayotumika Kenya mpaka leo. Kifungu chake cha 213 chaeleza kwa urefu maana ya kusababisha kifo. Hata kama tendo lako si sababu ya pekee, wala si sababu ya karibu, umesababisha. Ukimtisha mtu au kumpiga, naye kwa ajili hiyo akatenda jambo linalomwua, umesababisha. Ukiharakisha kifo cha mgonjwa ambaye angekufa hata hivyo, umesababisha. Ukikisoma kifungu hicho huku ukikumbuka ghala la Molo, utaona mlango mmoja baada ya mwingine ukifungwa. Lakini mlango mmoja ulibaki wazi: Wazungu waliendelea kuamuliwa na Wazungu wenzao.

Sasa ruka nami miaka 82, usitoke katika bonde hilo hilo. Ukishuka kutoka Nakuru kwenda Naivasha, waliona Ziwa Elmenteita, na kandokando yake shamba kubwa la Soysambu, mali ya ukoo wa Lord Delamere, aliyekuwa kiongozi wa walowezi wa kwanza. Mwezi wa Aprili 2005 kitukuu chake, Thomas Cholmondeley, alimpiga risasi na kumwua Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori wa serikali. Ole Sisina na wenzake walikuwa wamefika shambani bila sare, kuchunguza habari za nyama ya porini. Cholmondeley alisema aliwadhani wanyang'anyi, akajitetea. Angalia ni kiungo kipi kinachoguswa hapa: si kifo, wala si sababu ya kifo, ila ni kile cha tatu, kwamba tendo liwe kinyume cha sheria. Anayejitetea kwa kiasi kinachostahili havunji sheria. Lakini hoja hiyo haikupimwa na mahakama yoyote. Mwezi wa Mei Mwanasheria Mkuu aliyaondoa mashtaka, na Wamasai wakaandamana kwa hasira.

Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, shambani humo humo, risasi ya Cholmondeley ilimpata Robert Njoya, fundi mwashi, aliyekuwa akiwinda na wenzake pamoja na mbwa. Safari hii kesi ilikwenda mpaka mwisho, mbele ya Jaji Muga Apondi. Mshtakiwa alisema aliwalenga mbwa. Wazee wa baraza waliomsaidia jaji walitoa maoni kwamba hana hatia, lakini maoni yao hayakumfunga jaji. Mei 2009 jaji aliamua kwamba viungo vyote vimethibitishwa isipokuwa dhamira ovu. Miongoni mwa mambo aliyoyataja ni kwamba mshtakiwa alimfunga majeruhi jeraha lake na kutoa gari la kumpeleka hospitali. Ikawa kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Cholmondeley, aliyekwisha kukaa rumande miaka 3, akapewa miezi 8.

Watu wengi walisema kwamba Nakuru ya 1923 imerudi. Mimi naona tofauti ambayo kurutu hana budi kuiona. Katika kesi ya Njoya jaji alieleza kwa maandishi ni kiungo kipi kilichokosekana na kwa nini, nawe waweza kuyasoma na kubishana naye. Juri ya 1923 haikueleza sababu. Juu ya miezi 8, hiyo ni habari ya adhabu, nayo imeacha uchungu ambao sidhani umekwisha, hata baada ya Cholmondeley mwenyewe kufa mwaka 2016. Kesi ya ole Sisina nayo haikupata hata mabishano. Tangu Katiba ya 2010, kwa kifungu cha 157, mwenye kazi ya kushtaki ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye hawezi kuondoa mashtaka bila ruhusa ya mahakama.

Turudi Molo. Tuseme wewe ndiwe askari, umefika kwenye ghala lile Jumatatu asubuhi. Hukuja kuamua nani ana hatia. Wahesabu majeraha na kuonyesha yalipo mwilini. Waitunza kamba, na fundo lake usilifungue. Wauliza mlango ulifungwa na nani, saa ngapi, na kama marehemu alipewa maji. Wamwita daktari kabla maiti haijaguswa. Wawatenga mashahidi, kila mmoja aeleze aliyoyaona kwa macho yake. Na ikiwa mmoja atakuambia kwamba marehemu alisema anataka kufa, neno hilo nalo uliandike. Uandike pamoja nalo saa aliyolisema, na kwamba alipolisema alikuwa amekwisha kupigwa, na mikono yake imefungwa.