Mnaachana na Mlijenga Keja Pamoja? Soma Hii Kabla Ukubali Bei Yoyote

Ndoa ikivunjika, watu hupigania nyumba mpaka sauti ziishe. Shida ni moja: kila mtu anataka nusu, lakini hakuna anayejua ni nusu ya ngapi. Hapo ndipo wasee huchezwa.

Kwanza, ni lazima iwe nusu kwa nusu?

Zii. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja. Januari 2023, Mahakama ya Juu ilikazia hapo hapo: kila mtu athibitishe alichangia nini. Poa ni kwamba mchango si doo pekee. Kulea watoto na kusimamia boma pia huhesabika. Risiti za simiti, meseji za M-Pesa na karatasi za loni, usitupe hata moja.

Nani anafaa kupima bei?

Si broka wa mtaa, si binamu yako. Tafuta mthamini aliyesajiliwa na bodi ya wathamini. Atataka nakala ya hati miliki, ataingia kila chumba, apime, apige picha, kisha alinganishe na nyumba zilizouzwa karibu hapo. Kama mnaongea bado, chagueni mmoja na mgawane gharama yake. Kila mtu akileta wake, bei zikipishana sana korti italazimika kuamua ni ripoti gani inaaminika.

Angalia uko kwa bei gani

Hii ndiyo watu hupitia mbio. Ripoti inaweza kuwa na bei zaidi ya moja. Kuna bei ya soko, yaani pesa mnunuzi wa kawaida angetoa bila presha. Halafu kuna bei ya mnada, ile ya kuuza haraka, na hiyo huwa chini.

Chukua mfano. Nyumba ni milioni 8 kwa soko, na milioni 6 kwa mnada. Loni imebaki milioni 2. Mkigawana sawa kwa bei ya soko, kila mtu ana milioni 3. Mkitumia ya mnada, ni milioni 2. Anayebaki na nyumba akikulipa kwa hiyo ya pili, umepoteza milioni nzima na umesema asante juu.

Cheki pia tarehe ya ripoti. Ya miaka mitano iliyopita haiwezi kukuambia bei ya leo, haswa kama barabara imewekwa lami ama mmeongeza servanti kota.

Na kama jina lako haliko kwa hati?

Tulia. Mali iliyonunuliwa mkiwa kwa ndoa kwa jina la mmoja, sheria huanza kwa kuchukulia kwamba anamshikia mwenzake pia, mpaka athibitishe vingine. Na kama ni ndoa ya mke mmoja, hawezi kuiuza kabla talaka bila wewe kukubali.

Sasa usisaini kitu kwa hasira, ama juu umechoka na unataka tu kutoka. Soma ripoti yote, muulize wakili wako ni bei gani imetumika, toa loni, ndio mkae kwa meza.